Ubao wa Bingwa Haumfai Anayeanza

Mwishoni mwa mwezi wa Januari nilitoka studio nikamkuta mtoto wa dada yangu ananisubiri nje, simu mkononi. Kijana huyu ni dereva na mwongoza watalii hapa Karatu. Msimu ukikolea, kila kunapokucha yumo kwenye foleni ya magari pale lango la Loduare, anasubiri kupanda ukingo wa Ngorongoro na kuteremka kreta. Ana miaka 26, hajaoa, na kwa misimu miwili amejinyima mpaka akafikisha akiba ya shilingi milioni tatu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Habari za porini?"

"Njema. Gari liko gereji, injini imefunguliwa. Mjomba, naomba uniangalizie kitu kabla sijatuma hela."

Nikavaa miwani. Katika simu palikuwa na tangazo la mtu aliyeko Unguja anayeuza vifaa vyake vya mchezo wa majini: ubao, kitu kama bawa la popo, na mguu mrefu wenye mapezi kama ya papa. Bei ilikuwa shilingi milioni mbili na laki nane. Muuzaji alieleza kuwa vitu hivyo ni vya daraja la juu, vya watu wa mashindano, na kwamba mtu akivitafuta vipya atalipa mara kadhaa ya bei hiyo. Kijana wangu alikuwa amekwisha kushawishika. Alikuja kutafuta baraka tu.

Nikamwuliza, "Unajua kuogelea?"

Akacheka. "Kidogo, mjomba. Nimejifunza kwenye bwawa la hoteli, wageni wakishalala."

Nikamwomba asitume hela siku ile. Nilikuwa na safari yangu ya Unguja juma la kwanza la Februari, kumsalimia ndugu yetu aliyehamia huko, nikamwambia twende wote tukavione hivyo vitu kwa macho. Leo nataka kuwasimulia tuliyojifunza. Najua wengi wenu hamna nia ya kupanda ubao, lakini karibu kila mmoja wetu amewahi kununua chombo cha kazi au cha mchezo asiokuwa ameujua, na akajuta.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Unaitwa wingifoili. Mchezaji husimama juu ya ubao, ameshika kwa mikono miwili bawa la kitambaa lenye mirija iliyojazwa upepo kwa pampu. Bawa halifungwi kwenye ubao kama tanga la ngalawa, wala halina kamba ndefu kama tiara kubwa za mchezo wa kaiti ambazo wakazi wa Paje wamezizoea kwa miaka mingi. Hushikwa tu, kama mtu anavyoshika mwavuli katika upepo mkali. Chini ya ubao kumefungwa foili, yaani mguu mrefu unaozama majini, wenye pezi kubwa mbele na pezi dogo nyuma. Upepo ukivuta bawa, ubao huanza kwenda. Mwendo ukishaongezeka, pezi lile la chini huinua ubao wote juu ya maji, na mchezaji huenda kimya kimya, ubao hewani, mguu tu umebaki majini.

Wazo la kuinua chombo juu ya maji kwa mapezi si jipya. Mwitaliano Enrico Forlanini alijaribu mashua ya namna hiyo katika Ziwa Maggiore mwaka 1906. Mwaka 1919 mashua ya Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, ilikimbia zaidi ya kilomita 110 kwa saa huko Kanada. Kilichokuwa kipya ni bawa la kushika mkononi lililojazwa upepo, ambalo lilianza kuenea madukani kuanzia mwaka 2019. Ndiyo kusema mchezo huu bado ni mchanga, vifaa vyake hubadilika kila mwaka, na watu wanaotaka kuuza vya zamani wapate vipya ni wengi. Katika soko la namna hiyo mgeni hupotea kwa urahisi.

Sasa, kabla ya kuuliza kifaa gani kinafaa, lipo swali linalotangulia, nalo ni hili: una siku ngapi za upepo kwa mwaka?

Ufukwe wa mashariki wa Unguja, kuanzia Paje hadi Jambiani, una pepo mbili za kutegemewa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba au Oktoba. Katikati ya pepo hizo ni tanga mbili, wakati upepo unapogeuka. Aprili na Mei masika hunyesha, upepo hauaminiki, na shule nyingi za michezo hii hufunga milango.

Ukiweka kalenda hiyo kando ya kalenda ya dereva wa Karatu, utaona tatizo. Juni hadi Septemba ni msimu wake mkuu wa wageni. Desemba kuna wageni wa sikukuu. Januari na Februari kuna wageni wa Ndutu wanaokuja kutazama nyumbu wanapozaa. Mapumziko yake halisi ni Aprili na Mei, miezi ile ile ambayo Paje upepo umelala. Tulikaa kwenye basi tukahesabu kwa vidole. Akibahatika, kijana wangu atapata siku kumi za upepo kwa mwaka. Siku nyingine zote vifaa vya karibu milioni tatu vitakaa chini ya kitanda Karatu vikila vumbi jekundu.

"Basi nitafanyia mazoezi Ziwa Manyara," alisema.

Ni jibu la kijana asiyetaka kushindwa, na nilimpa haki yake kwa kulifikiria. Lakini foili inahitaji maji yenye kina. Manyara ni ziwa la magadi lisilo na kina kirefu, sehemu kubwa ya maji yake imo ndani ya hifadhi yenye taratibu zake, na viboko hawajasoma kanuni za mchezo. Ziwa Eyasi nalo ni jembamba la maji. Ukame ukikaza, mtu huweza kutembea mwendo mrefu juu ya chumvi iliyokauka. Na lile ziwa la Magadi ndani ya kreta tusilitaje, maana mle hata kushuka kwenye gari huruhusiwi ila katika sehemu maalumu kama Ngoitoktok. Kwa kifupi, mtu wa Karatu anayetaka mchezo huu hana budi kusafiri.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii. Mwenye siku kumi kwa mwaka akodi. Anayeishi Paje, au Dar es Salaam na ana nafasi ya kwenda pwani kila juma, huyo ndiye wa kufikiri kununua, na hata yeye asinunue kabla ya kusoma masomo kadhaa kwa vifaa vya shule. Seti mpya kamili hugharimu fedha nyingi. Masomo ya siku chache yatakugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo, na yatakuambia kama mchezo unakupenda.

Tulipofika Paje, muuzaji alitupokea vizuri. Ni mtu mwungwana, wala sikuona hila yoyote kwake. Vitu vyake vilikuwa vizima na vimetunzwa. Alimruhusu kijana wangu ajaribu ubao palepale, maji yakiwa yamejaa, kifuani. Kijana akapanda, akapiga magoti, akajaribu kusimama. Ubao ukazama chini yake taratibu, kama mtumbwi uliotoboka. Akajaribu mara saba. Mara saba akatumbukia.

Mwalimu mmoja wa hapo, mzaliwa wa Jambiani, alikuwa amekaa chini ya mnazi akitutazama. Akasogea. "Mzee wangu," aliniambia, "huyu kijana ana kilo ngapi?"

"Sabini na nane," kijana akajibu mwenyewe kutoka majini.

"Na ubao huu ni wa lita sitini. Hata mimi naupanda siku za upepo mkubwa tu."

Hapo akatufundisha hesabu ambayo kila anayeanza aiandike mahali. Ukubwa wa ubao hupimwa kwa lita, yaani ujazo wake. Kila lita moja ya ubao huweza kuelea na uzito wa kilo moja hivi. Kijana ni kilo 78. Ubao wenyewe pamoja na foili yake una kilo kama kumi. Jumla ni 88. Ubao wa lita 60 hauwezi kumbeba akiwa amesimama tuli. Bingwa huuweza kwa sababu huanza akiwa amezama nusu, kisha huvutwa na bawa mpaka apae. Anayeanza hana ufundi huo. Yeye anahitaji ubao unaomwelesha akiwa hana mwendo wowote, ili apate kupumua, kupanga miguu na kufikiri. Kanuni yao ni kuchukua uzito wa mwili kwa kilo, kuongeza 30 hadi 40, na jibu ndilo lita za ubao. Kwa kijana wangu ni lita 108 hadi 118. Mtu mwenye kilo 60 atafute lita 90 hadi 100. Na ubao uwe mpana, maana upana ndio huzuia kupinduka.

Zipo mbao ngumu, na zipo zile za kujaza upepo. Za kujaza upepo hukunjwa zikaingia kwenye begi, husafiri vizuri kwenye basi na boti, na hazikuumizi goti ukiangukia. Ubaya wake ni kuwa hunepa kidogo, na kunepa huko huchelewesha ubao kupaa. Anayeishi kando ya bahari achukue ngumu. Anayesafiri kutoka bara aone kama kubeba kirahisi kunamfidia kupaa kwa taabu.

Sasa tuje kwenye foili, ambako ndiko watu wengi hukosea. Maji ni mazito kuliko hewa kwa mara 800 hivi, ndiyo maana pezi dogo lililo majini huweza kuinua mtu mzima. Nguvu ya kuinua hutegemea mambo mawili makubwa: eneo la pezi na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo pezi dogo linahitaji mwendo mkubwa ili likuinue, na pezi kubwa hukuinua ungali unakwenda polepole.

Sisi wa huku tuna mfano wake kila siku. Mtazame mwari wa Ziwa Manyara. Ana kilo kama kumi, lakini mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita tatu, naye huelea angani bila haraka. Kisha mtazame mbayuwayu, mabawa membamba, kasi, kona za ghafla. Bingwa hutaka pezi la mbayuwayu. Anayeanza anahitaji la mwari. Pezi la mbele la muuzaji wetu lilikuwa na eneo la sentimita za mraba 900. Kwa mtu wa kilo 78 anayeanza, mwalimu alitaka 1,800 hadi 2,000, lenye unene wa kutosha. Pezi hilo halitakwenda kasi na halitapiga kona za madoido. Litakuinua mapema, litakushusha taratibu, na litakusamehe makosa. Dereva anayejifunza huwezi kumpa gari la mashindano ateremke nalo barabara ya Seneto kwenda ndani ya kreta.

Mguu wa foili nao una urefu wake. Mabingwa hutumia wa sentimita 85 au 90 na zaidi. Kwa anayeanza, sentimita 65 hadi 75 zinatosha, kwa sababu mbili. Kwanza, ukianguka hutoki juu sana. Pili, pale Paje maji hupwa na kujaa kwa tofauti kubwa, na siku za bamvua tofauti hiyo hupita mita tatu. Maji yakipwa, mahali ulipoelea asubuhi utakuta watu wanatembea kwa miguu. Foili ikigusa mchanga au mwamba ukiwa kwenye mwendo, ubao husimama ghafla na wewe huendelea mbele. Kwa hiyo mtu wa bara ajifunze kusoma ratiba ya maji kupwa na kujaa kama anavyosoma ratiba ya basi. Mguu wa alumini ni mzito lakini ni nafuu na ni imara. Wa kaboni ni mwepesi na bei yake ni kubwa. Anayeanza hatapoteza chochote kwa kuchukua alumini, mradi baada ya kila siku ausuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na afungue skrubu azipake grisi, kwa kuwa chumvi hugandisha chuma kwa chuma mpaka fundi ashindwe.

Bawa la mkononi ndilo rahisi kuchagua. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 85, katika upepo wa kilomita 28 hadi 37 kwa saa, bawa la mita za mraba tano linatosha. Mwepesi zaidi achukue la nne. Vijana hupenda kununua kubwa kupita kiasi wakidhani litawavuta zaidi. Bawa kubwa mno ncha yake hugusa maji kila mara, na mtu mfupi hupata taabu zaidi. Nunua moja la katikati, lijue vizuri, mengine yatafuata.

Mpaka hapa tumezungumza habari za ubao, foili na bawa. Mwalimu wetu alisema hivyo ni vifaa vya pili. Vya kwanza ni vile visivyopigwa picha kwenye matangazo.

Cha kwanza ni kujua kuogelea, na kuogelea baharini si sawa na kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Cha pili ni jaketi la kuelea. Hapa kuna mtego. Yapo majaketi membamba ya kuzuia maumivu ya kuanguka, ambayo hukinga mbavu lakini hayakuahidi kukuelesha ukizirai au ukichoka. Anayeanza, hasa asiyeogelea vizuri, auulize waziwazi muuzaji kama hilo ni jaketi la kuelea kweli. Cha tatu ni kofia ngumu, kwa kuwa mapezi ya foili yana makali, na ubao ukipinduka hujui yameelekea wapi. Cha nne ni kamba mbili za kujifunga, moja ya bawa na moja ya ubao. Ukipoteza bawa huna cha kukuvuta, ukipoteza ubao huna cha kukuelesha. Cha tano ni viatu vya majini, kwa ajili ya mwamba na miiba ya urumba.

Lipo pia jambo la mwelekeo wa upepo. Pale Paje, kaskazi na kusi zote huvuma kwa mshazari kuelekea nchi kavu, kwa hiyo aliyeshindwa hurudishwa pwani. Anayeanza asiingie kamwe majini wakati upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, hata kama maji yametulia kama kioo. Utulivu huo ndio humdanganya mgeni. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Siku ya pili maji yalipopwa nilitembea kuelekea mwambani, nikawakuta kina mama wa mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza katika ufukwe huu wa Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Nilimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akifunga miche kwenye kamba, tukazungumza.

Nikamwuliza anauonaje mchezo huu.

"Wanangu wale hawana ubaya," alisema. "Lakini maji yakijaa, kamba zangu hawazioni. Chuma kile kikipita, kamba imekatika, na mwani umekwenda na maji. Kamba hizi ndizo daftari za wajukuu zangu."

Nilimsimulia kijana wangu jioni. Yeye ni mtu wa uhifadhi, kila siku huwaambia wageni wake wasitoke nje ya barabara ya kreta ili wasikanyage nyasi za wanyama. Alinyamaza, kisha akasema kuwa kesho atamwomba mwalimu amwonyeshe mashamba ya mwani yalipo kabla ya kuingia majini. Nililifurahia jambo hilo kuliko yote niliyoyaona safari ile. Anayekwenda kucheza katika maji ya watu aulize kwanza nani analima humo.

Kwa msomaji aliyekwisha kujifunza na sasa anataka kununua vilivyotumika, nina maneno machache ya kumwepusha na hasara. Bawa lijazwe upepo mbele yako, liachwe kwa saa nzima, kisha libonyezwe uone kama limelegea. Litazame dhidi ya jua utafute matundu na viraka. Kitambaa kikiwa kimekakamaa na kulia kama karatasi, jua limekwisha kukila. Ubao ubonyeze kwa kidole gumba kila mahali, ukipata pahali laini ujue maji yameingia ndani. Tazama hasa sehemu ile foili inapofungwa, kama kuna nyufa. Na foili yenyewe, mwambie muuzaji afungue skrubu zote mbele yako. Zikikataa kufunguka leo, kwako hazitafunguka kamwe. Mwisho, foili ya kampuni moja mara nyingi haiingiliani na ya kampuni nyingine, kwa hiyo usinunue mguu huku na pezi kule ukitegemea fundi wa mtaani akuunganishie. Skrubu moja ikipotea, huenda usiipate Karatu wala Arusha.

Huenda utajiuliza kijana wangu alifanya nini. Muuzaji yule alipoona ubao unazama, alisema mwenyewe, "Kaka, kwa kweli hivi havikufai bado." Wakaagana vizuri. Kijana akalipa masomo ya siku nne. Siku ya kwanza hakugusa maji kabisa. Alisimama mchangani akijifunza kulishika bawa, kulitua na kuligeuza, na watoto wa shule wakimcheka. Siku ya pili alipewa ubao mkubwa usio na foili, akajifunza kwenda na kurudi alikotoka. Siku ya tatu foili ilifungwa, akavutwa na boti polepole bila bawa, ajue ubao unavyoinuka na kushuka. Siku ya nne alipewa vyote kwa pamoja: ubao wa lita 120, pezi la 2,000, bawa la mita tano. Alianguka asubuhi nzima.

Karibu saa tisa alasiri, upepo ukiwa umekaza, nilimwona ameinuka. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha akatumbukia kwa kishindo. Alipoibuka alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyemwona faru kwa mara ya kwanza.

Njiani kurudi nilimwuliza kama bado anataka kununua. Aliniambia amekwisha kununua, akafungua begi akanionyesha jaketi la kuelea na kofia ngumu. Vingine atakodi kila atakapopata siku zake kumi. Kati ya sasa na hapo ataogelea kila juma, na safari hii kwa mwalimu. Zaidi ya milioni mbili zimebaki benki. Anasema mwakani anataka kusomea uokoaji majini, kwa kuwa ameona shule za Paje zinatafuta watu wenye ujuzi huo, na dereva mwenye kazi ya pili halali miezi ya upepo hatakuwa mtumwa wa msimu mmoja.

Sijui kama atafika huko. Ni kijana, na vijana hubadilika. Lakini fedha zake anazo, na viungo vyake anavyo, na mchezo ameuonja. Angetuma hela ile siku ya kwanza, leo angekuwa na ubao mzuri wa bingwa chini ya kitanda, na chuki juu ya bahari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yeyote atakapokujia na chombo cha ajabu akakuambia kuwa ndicho wanachotumia mabingwa, mwulize kwa upole: mabingwa hao walianza na kipi? Hicho walichoanzia ndicho unachokitafuta. Mara nyingi ni kikubwa, ni kizito, hakipendezi kwenye picha, na bei yake ni ndogo.